Kinaya katika Riwaya ya "She": Malkia wa Kreta na Wenye Kreta

Kikundi chetu cha kusoma, kinachokutana Karatu na chenye makada wa matawi, walimu, wanafunzi waliorudi likizo na vijana wachache wanaoendesha magari ya watalii, kilitumia mikutano mitatu kuichambua riwaya ya Mwingereza Henry Rider Haggard iitwayo She. Mkutano wa kwanza ulikuwa haujafika hata nusu saa, ndugu mmoja akasimama akauliza: kwa nini tupoteze muda kusoma ngano ya beberu juu ya bibi asiyekufa, ilhali kuna vitabu vya waandishi wetu ambavyo hatujavifungua? Swali hilo ni la haki, na hatukusudii kulikwepa kwa kusema kwamba hadithi ni hadithi tu. Kila kitabu kina tabaka lililokizaa na tabaka linalofaidika kinaposomwa. Makala hii ni jibu letu kwa ndugu huyo ambaye, tuseme ukweli, hakuridhika nalo lote.

Kwanza tuelewane juu ya aina yenyewe ya riwaya. Riwaya za Kigothi zilianza Uingereza katika karne ya 18. Ya kwanza kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni The Castle of Otranto ya Horace Walpole, iliyotoka mwaka 1764. Ndani ya riwaya hizo mna ngome kuukuu, mahandaki, makaburi, laana ya ukoo, mapenzi yasiyotimia, na mtawala katili asiyetaka kufa wala kuachia madaraka. Wengi hudhani hizi ni hadithi za kutishia watoto. Lakini tazameni wakati zilipotokea. Mabwanyenye wa Ulaya walikuwa wanazidi kupata nguvu, na makabaila waliowatangulia walikuwa hawajazikwa barabara. Bwanyenye husoma usiku habari za ngome, hutetemeka, kisha hufunga kitabu na kufurahi kwamba yeye ni mtu wa kisasa. Anachokiogopa ni mfu anayekataa kulala. Karl Marx, ambaye hakuwa mtunzi wa hadithi, aliijua vizuri lugha hiyo: katika kitabu chake juu ya mtaji, kilichotoka mwaka 1867, aliufananisha mtaji na mfu anayeishi kwa kunyonya damu ya walio hai. Aliwageuzia mabwanyenye hofu yao wenyewe.

Alichofanya Haggard ni kuing'oa ngome hiyo kutoka Ulaya na kuja kuisimika kwetu. Yeye alikuwa mtumishi wa ukoloni. Alikwenda Natal mwaka 1875, na mwaka 1877, Waingereza walipoinyakua Transvaal, alikuwamo katika shughuli ya kuipandisha bendera yao mjini Pretoria. Ndugu yake alikuwa makamu wa balozi wa Uingereza kule Lamu katika miaka ya 1880. Haikuwa bahati tu, basi, kwamba mashujaa wake wanafika Afrika ya Mashariki kwa jahazi. Wala hakuna sababu ya kudhani kwamba mtu huyu yuko mbali nasi. Riwaya yake nyingine ilitafsiriwa na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, ikatoka mwaka 1929, ikasomwa na wazee wetu shuleni. Na Johnson huyo huyo ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kukisanifu Kiswahili. Kasumba hiyo iliingia pamoja na sarufi.

Kwa ajili ya wasiokisoma kitabu, kisa chenyewe ni hiki. Mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Horace Holly, mtu mwenye sura mbaya lakini mwenye elimu, anamlea kijana mzuri wa sura aitwaye Leo Vincey. Leo anarithi kigae cha mtungi chenye maandishi ya kale yanayomtaka alipize kisasi cha babu yake wa enzi na enzi, aliyeuawa na malkia mweupe barani Afrika. Wanasafiri pamoja na mtumishi wao Job. Jahazi lao linavunjika pwani, na baada ya kupita mabwawa na vinamasi wanafika kwa watu waitwao Waamahagger, ambao wanatawaliwa na malkia Ayesha, aliyeishi zaidi ya miaka elfu mbili. Hana jina la kutajwa na raia wake. Wanamwita Yeye ambaye lazima atiiwe. Ayesha anamwona Leo kuwa ndiye mpenzi wake wa kale aliyezaliwa upya. Anawapeleka kwenye moto wa uhai, anaingia humo mara ya pili ili kumtoa Leo woga, na moto uliompa maisha unamzeesha na kumwua mbele ya macho yao.

(Jina la kitabu, kwa njia, halitafsiriki. "Yeye" wetu ni mwanamke na ni mwanamume pia. Mwingereza alihitaji herufi tatu tu kutisha watu, sisi tungehitaji sentensi nzima.)

Na huyu Ayesha anakaa wapi? Anakaa katika mapango ya mji wa kale uitwao Kôr, ndani ya mlima mkubwa wa mviringo uliokuwa volkano ikazimika, wenye uwanda mpana katikati ambapo zamani palikuwa na ziwa. Aliyetoka Karatu akapita lango la Lodoare, akapanda katikati ya msitu hadi ukingoni, akatazama chini mita 600 kwenye uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 260 ukiwa umezungukwa na ukuta mmoja usiokatika, hahitaji kuelezwa zaidi. Hatudai kwamba Haggard aliichora Ngorongoro. Hakuwa ameiona, na wakati huo hakuna Mzungu aliyekuwa ameiona. Tunachodai ni kwamba picha aliyoichora ilitangulia kufika, na waliokuja baadaye walikuja wakiwa nayo kichwani.

Sasa tuingie katika kinaya. Kwa neno hili tunakusudia hali ambapo maneno yanasema hili na mambo yanasema lile, na msomaji anaona pengo ambalo msemaji halioni, au analiona lakini anajifanya halioni. Si sawa na dhihaka. Mwenye dhihaka anacheka waziwazi; kinaya kinaweza kumpata mtu aliyekunja uso kwa dhati kabisa. Katika She kimo kinaya cha namna mbili. Kipo kile ambacho mwandishi amekipanga na anakimiliki. Kipo na kile kikubwa zaidi, ambacho kinamponyoka, kwa sababu kinatokana na ukinzani wa mfumo aliokuwa akiutumikia.

Mfano wa kwanza ni Holly anapoitwa mbele ya malkia. Mzee Billali anamwambia atambae kwa magoti kama desturi inavyotaka. Holly anakataa, yeye ni Mwingereza, hatambai. Msomaji wa London alishangilia hapo. Lakini kurasa si nyingi baadaye, malkia akiisha kufunua shela yake, mwanachuoni yule yule yuko magotini akimtamkia mapenzi. Kinaya hiki Haggard alikijua na alikifurahia, nasi tunamkubalia kwamba amekijenga vizuri. Heshima ya bwanyenye mbele ya madaraka hudumu mpaka madaraka yanapokuwa mazuri ya sura.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, na kikundi chetu kiliusoma mara mbili. Jahazi lilipovunjika alipona Mwarabu mmoja aitwaye Mahomed, ambaye ndiye mtu pekee wa mwambao anayesafiri nao. Waamahagger wanataka kumwua kwa kumvika kichwani chungu kilichookwa motoni mpaka kikawa chekundu. Holly anafyatua bastola ili kumwokoa, na risasi inampitia mwanamke aliyemshika, kisha inamwua Mahomed mwenyewe. Msimulizi anajituliza kwamba kifo hicho kilikuwa nafuu kuliko kile kingine, na hadithi inaendelea. Hapo Haggard hacheki wala halii. Haoni kitu. Mwokozi amemwua aliyekuja kumwokoa, na mwokozi anabaki mwokozi! Mwanafunzi mmoja alisema kwamba kurasa hizo mbili zinatosha kufundishia historia ya miaka ya 1884 hadi 1918, na hatukupata la kuongeza.

Tuzitazame tarehe. Riwaya hii ilichapwa kwa sehemu katika gazeti la The Graphic la London kuanzia Oktoba 1886 hadi Januari 1887. Tarehe 1 Novemba 1886, katikati ya miezi hiyo hiyo, Uingereza na Ujerumani zilikamilisha mapatano ya kuigawana Afrika ya Mashariki kwa mstari uliotoka mdomo wa mto Umba, ukaizunguka Kilimanjaro, ukaenda hadi ziwa kubwa. Ngorongoro na nchi yote ya Karatu na Mbulu ikaangukia upande wa Mjerumani. Basi juma lile lile ambalo bwana wa London alikuwa akisoma sura ya malkia aliyejificha ndani ya volkano, wakubwa wake walikuwa wanagawa volkano ambayo hawajaiona. Mzungu wa kwanza kuifikia, Oscar Baumann kutoka Austria, alifika Machi 1892.

Na Baumann alikuta nini? Katika riwaya, watu wa Kôr waliangamia kwa tauni iliyowamaliza karibu wote, na maiti zao zimepangwa mapangoni kwa maelfu. Katika karamu moja Waamahagger wanazichoma maiti hizo kama mienge. Ni mandhari ya kutisha hasa. Lakini tazama yaliyotokea nje ya kitabu. Mwaka 1887, mwaka ule ule riwaya ilipotoka ikiwa kitabu kizima, sotoka iliingia pembe ya Afrika, na inakubalika kwa wengi kwamba ililetwa na ng'ombe walioagizwa kwa ajili ya majeshi ya Waitaliano. Ikashuka kusini ikiua. Kufikia mwaka 1891 ilikuwa imeteketeza mifugo ya Wamaasai, ikafuatwa na njaa na ndui. Baumann, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1894, ameeleza jinsi watu waliokonda wakabaki mifupa walivyoizunguka kambi yake humo humo Ngorongoro wakiomba chakula. Kumbe tauni ya kreta haikuwa ya kale. Ilikuwa mpya, na ilikuja na meli. Haggard aliiweka miaka elfu nyingi nyuma, mahali ambapo haiwezi kumdai mtu yeyote.

Hapo ndipo tunapoiona kazi hasa ya fani ya Kigothi inapoletwa Afrika. Ulaya ilitumika kumtisha bwanyenye kwa mambo yaliyopita. Afrika ikatumika kuyageuza mambo ya sasa yawe kana kwamba yalipita zamani sana. Jambo hilo linaonekana pia katika magofu. Waliojenga Kôr, kwa mujibu wa riwaya, ni taifa kubwa lililopotea, na Waafrika waliopo ni masalio tu, wasiojua hata maana ya mapango wanamolala. Sasa teremkeni ukuta wa Bonde la Ufa mfike Engaruka. Yako hapo mashamba yaliyozungushiwa mawe na mifereji iliyochukua maji ya mito itokayo katika nyanda za juu za Ngorongoro, kazi ya kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 18. Waliofanya kazi hiyo ni wakulima wa Kiafrika. Hapakuhitajiwa malkia mweupe. Palihitajiwa watu kukubaliana zamu za maji, jambo ambalo mwanakijiji yeyote atakuambia ni gumu kuliko uchawi.

Kinaya kikubwa kabisa kiko katika kifo cha Ayesha. Muda mfupi kabla ya kifo hicho, malkia huyu anapanga kwenda Uingereza na Leo, na anaona ni jambo jepesi kumwondoa malkia wa huko. Holly na Leo wanashtuka. Wanamweleza kwamba malkia wao anapendwa. Riwaya ilitoka mwaka 1887, mwaka wa sherehe za miaka 50 ya utawala wa Victoria. Mwandishi alitaka wasomaji watabasamu, na walitabasamu. Lakini nani hapa ni kioo cha nani? Ayesha anaeleza kwamba hawezi kuwatawala watu wake kwa askari wachache alionao, bali kwa hofu wanayoijenga wao wenyewe vichwani mwao. Hakuna gavana aliyepata kuieleza kazi yake kwa uwazi kuliko hivyo. Kisha malkia anaingia motoni, na yule aliyekuwa mweupe kuliko wote, aliyewaona wengine wote kuwa wadudu, ananyauka mpaka anakuwa kama nyani. Tukumbuke kwamba nyani ndilo jina ambalo mzee Billali alikuwa amembandika Holly. Haggard aliishi katika zama zilizopanga wanadamu ngazi kwa ngazi, nyani chini na Mwingereza juu. Katika kurasa chache ngazi hiyo imeporomoka mkononi mwake. Je, alijua? Wapo waliosema alijua. Sisi tunaona alihisi, kisha akafunga kitabu haraka.

Sasa tuseme juu ya Ustane, kwa sababu yeye ndiye aliyetufanya tuone kwamba kusoma kitabu hiki hakukuwa kupoteza muda. Ustane ni msichana wa Kiamahagger. Kwa desturi ya watu wake mwanamke ndiye anayechagua mume, naye amemchagua Leo, amemwuguza, amemkinga kwa mwili wake wakati wa vita. Ayesha anamwamuru aondoke. Ustane anarudi. Anasimama mbele ya Yeye ambaye lazima atiiwe na kusema kwamba hatatii. Anauawa kwa kunyoshewa mkono tu, na muda si muda, maiti ikiwa bado iko pale pale, Leo yumo mikononi mwa muuaji. Katika kitabu kizima, chenye wasomi wawili wa Cambridge na wazee wa kabila, mtu mmoja tu alikataa kutii hadi mwisho, naye ni maskini asiye na kigae wala ukoo wa kuandikwa. Haggard anamhurumia kidogo na kumpita. Kinaya hiki hakukipanga. Ni cha kwetu sisi tunaosoma.

Hadi hapo kikundi kizima kilikuwa pamoja. Tulipogawanyika ni pale dereva mmoja kijana aliposema hivi: anapowafikisha wageni ukingoni kwa mara ya kwanza, hukaa kimya, kisha mmoja wao husema kwa furaha kwamba hakuna mtu. "Nami," akasema, "nasimama nyuma yao, na babu yangu alizaliwa kule chini."

Hapa kada hana budi kujikosoa, la sivyo uhakiki wake ni mapambo. Picha ya kreta tupu yenye wanyama na ukale tu hatukuiacha bandarini mwaka 1961. Watatoga waliishi humo kabla ya Wamaasai. Wamaasai waliishi humo kabla ya Wajerumani wawili wa ukoo wa Siedentopf kujimegea mashamba humo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni iliitenga Ngorongoro na Serengeti, na Wamaasai waliotolewa Serengeti wakaahidiwa kwamba Ngorongoro wataishi na kulisha. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi sakafuni mwa kreta zilitolewa. Hiyo ilikuwa chini ya bendera yetu, miaka mitatu tu baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambao katika kifungu cha 15 ulilaani viongozi wenye majivuno na wanaowakandamiza watu. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika hifadhi nzima. Kikaruhusiwa mwaka 1992. Baadaye kikakatazwa tena. Tangu Juni 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, Handeni.

Baadhi ya ndugu walisema kwamba maamuzi haya yana sababu zake: maji ni machache, watu na mifugo wameongezeka, wanyama ni urithi wa wote. Wengine walisema sababu hizo hupimwa na nani. Hatukulimaliza suala hilo Karatu, wala makala ya uhakiki si mahali pa kulimaliza. Jambo ambalo tulikubaliana ni dogo, lakini si jepesi. Mtu anaweza kumfukuza Ayesha na kubaki na lugha yake. Tukiandika ripoti ambayo ndani yake vifaru wana idadi na watu wana "tatizo", tumeshika kalamu ya nani? Tukifika kijijini na agizo lililokwisha kutiwa sahihi, halafu tukashangaa mama mmoja akisimama na kusema hataki, tumsome mama yule kama nani katika kitabu? Ndugu mmoja mwenye dhamana alisema kwa uchungu kwamba mfano huo ni mkali mno. Tunakubali ni mkali. Kinaya cha maana hakimchomi mwandishi peke yake.

Lipo pia pingamizi kwamba kinaya ni starehe ya wasomi, na kwamba mkulima anataka kuambiwa jambo waziwazi. Tunaona pingamizi hilo linawadharau wakulima. Anayesikiliza hadithi za sungura na fisi tangu utotoni anajua kabisa kwamba anayesifiwa sana mwanzoni ndiye atakayetumbukia. Hata katika fasihi andishi ya Kiswahili hatukungoja kufundishwa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapwa mwaka 1960, alichukua vifaa vyote vya Kigothi, mahali pa mizimu, maiti na hofu ya watu, kisha akamleta Bwana Msa na kiko chake kuonyesha kwamba nyuma ya mzimu kuna mtu mwenye sababu zake za duniani. Mara nyingi riwaya za upelelezi tunazidharau kwamba hazina itikadi. Lakini kumwonyesha msomaji kwamba mzimu una mwenyewe, na mwenyewe ana faida anayoipata, ni hatua ambayo Haggard, pamoja na ufundi wake wote, hakuthubutu kuipiga.

Kwa mkutano ujao tumepanga kusoma kitabu hicho cha Abdulla. Nakala tulizonazo ni tatu, na mojawapo haina kurasa za mwisho. Ndugu aliyeuliza lile swali la kwanza ameomba yeye ndiye afungue mjadala, na amechukua ile isiyo na mwisho.